Ukifukuza Maafisa Habari, Propaganda Haiondoki Nao

Tarehe 1 Aprili 2025 maelfu ya watumishi wa Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani walianza kupokea barua za kuachishwa kazi. Siku chache nyuma, tarehe 27 Machi, wizara hiyo ilikuwa imetangaza kwamba itapunguza watumishi wapatao 10,000, mbali na wengine karibu idadi hiyo hiyo waliokwisha kuondoka, ili kutoka watumishi 82,000 ibaki na 62,000 na kuokoa dola bilioni 1.8 kwa mwaka. Panga hilo liliwapitia pia maafisa mawasiliano wa taasisi kubwa zilizo chini ya wizara: Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC), Mamlaka ya Chakula na Dawa (FDA) na Taasisi za Taifa za Afya (NIH). Wapo wengi ambao sehemu hiyo ya habari iliwafurahisha. Mtafiti akifukuzwa kuna atakayemlilia, mkaguzi wa dawa akifukuzwa kuna atakayeuliza, lakini msemaji akifukuzwa nani amhurumie? Kodi, wanasema, haikukusanywa ili kumlipa mtu wa kuandika sifa za waziri.

Hasira hiyo naielewa, na kwa sehemu ni halali. Imeelekezwa kusiko tu. Katika punguzo lile lile waliondolewa pia watumishi waliokuwa wakishughulikia maombi ya wananchi na waandishi wa habari wanaotaka kuona nyaraka za serikali. Ofisi ya CDC iliyokuwa ikifanya kazi hiyo iliondolewa yote. Wizara ilieleza kwamba kazi hizo zitakusanywa makao makuu. Wasemaji wa kisiasa, wale wanaoingia na waziri na kutoka naye, hawakuguswa na barua zile, kwa sababu wao hawahesabiwi katika utumishi wa kawaida. Hoja yangu ni hii: kupunguza maafisa habari na kupunguza propaganda ni mambo mawili tofauti, na mara nyingi la kwanza hulipa nguvu la pili, kwa kuwa anayekatwa ni yule anayejibu maswali na anayebaki ni yule anayepamba. Swali la fedha hizi haliwezi kuishia kwenye idadi ya watu na jumla ya mishahara. Linapaswa kuanza na kazi wanayoifanya na mtu wanayewajibika kwake.

Ukiingia katika kitengo cha mawasiliano cha wizara yoyote utakuta kazi kadhaa zinalipwa kutoka kifungu kimoja. Yupo anayepokea simu za waandishi na kutafuta jibu kwa wataalamu: dawa hii imeondolewa sokoni kwa nini, daraja lile limefungwa hadi lini, fedha za mradi zimefika wapi. Yupo anayeandaa tangazo la tahadhari ya mafuriko au ya kipindupindu na kuhakikisha limefika redioni kabla maji hayajafika mlangoni. Yupo anayetunza tovuti, anayepiga picha, anayetafsiri mwongozo wa kitaalamu uwe lugha ya mtu wa kawaida. Yupo anayepitia nyaraka ili zitolewe kwa aliyeziomba kisheria. Kisha yupo anayeandika hotuba ya waziri, anayeamua gazeti gani lipewe mahojiano na lipi linyimwe, anayesoma magazeti asubuhi akitafuta nani amemsema vibaya mkubwa wake. Wote hawa kwenye vitabu vya bajeti wanaonekana kama mstari mmoja: mawasiliano kwa umma. Mbunge anayetaka kuukata mstari huo hajui anakata nini, na waziri anayetaka kuutetea hutanguliza mfano wa kipindupindu, hata kama fedha nyingi zimekwenda kwenye mabango yenye sura yake.

Tatizo hili lina umri mrefu, na historia yake inafundisha mengi kuliko kelele za mitandaoni. Mwaka 1913 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilichopendekezwa na mbunge Frederick Gillett wa Massachusetts. Alikuwa amekasirishwa na tangazo la ajira la serikali lililomtafuta mtu wa kuitangaza Ofisi ya Barabara, iliyokuwa chini ya Wizara ya Kilimo. Kifungu hicho, ambacho hadi leo kimo katika sheria za Marekani, kinakataza fedha za umma kumlipa mtaalamu wa kuitangaza serikali isipokuwa Bunge limeidhinisha fedha hizo mahsusi kwa kazi hiyo. Nia ilikuwa njema kabisa. Kilichofuata ni kwamba ofisi za serikali ziliacha kuajiri watu wenye cheo hicho na zikaanza kuajiri maafisa habari, wataalamu wa masuala ya umma, washauri wa elimu kwa umma na wasaidizi wa mkurugenzi. Watu waliongezeka, kazi ikaendelea, na wakaguzi wakashindwa kuhesabu vizuri, kwa sababu walichotakiwa kukihesabu kilikuwa kimebadilishiwa jina. Sheria iliyolenga cheo haikuigusa tabia. Hilo ndilo kosa linalorudiwa kila serikali inapotangaza kwamba imefuta nafasi kadhaa za wasemaji.

Tuziangalie fedha zenyewe. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani (GAO), ambayo ni jicho la Bunge katika matumizi, ilitoa taarifa mwaka 2016 iliyokadiria kwamba serikali kuu ya nchi hiyo ilikuwa ikitumia takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka kwa matangazo na uhusiano kwa umma, na kwamba ilikuwa na wafanyakazi wapatao 5,000 katika fani hiyo. Wizara ya Ulinzi ndiyo iliyoongoza kwa mbali. Kwa mtu wa kawaida dola bilioni moja na nusu ni fedha za kutisha. Lakini serikali hiyo wakati huo ilikuwa ikitumia takriban dola trilioni 3.5 kwa mwaka, kwa hiyo katika kila dola 100 ilizotumia, zilizokwenda kwenye kazi hii yote hazikufika hata senti 5. Sisemi kwamba kiasi kidogo hakistahili kukaguliwa. Kila shilingi ya umma inastahili. Ninachosema ni kwamba anayekuahidi kuponya bajeti ya nchi kwa kufukuza maafisa habari anakuahidi kitu ambacho hesabu haikibebi, na unapaswa kujiuliza ni faida gani nyingine anaipata.

Tena tazama mgawanyo wa fedha hizo. Katika makadirio yale ya GAO, sehemu kubwa, takriban dola bilioni moja kwa mwaka, haikuwa mishahara kabisa. Ilikuwa kandarasi: kampuni za matangazo na za uhusiano kwa umma. Hapo ndipo madhambi makubwa ya miongo ya karibuni yalipofanyika. Mwaka 2004 GAO iliamua kwamba wizara ile ile ya afya ilikuwa imevunja sheria ilipovipelekea vituo vya televisheni vipande vya video kuhusu sheria mpya ya bima ya wazee, vikiwa vimetengenezwa kama habari ya kawaida, vikiwa na mtu anayejitambulisha kama ripota, bila mtazamaji kuambiwa kwamba serikali ndiyo iliyolipia. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba Wizara ya Elimu, kupitia kampuni ya uhusiano kwa umma, ilikuwa imemlipa mchambuzi mmoja wa televisheni dola 240,000 ili aisifu sera ya elimu ya serikali katika vipindi vyake. GAO ikasema wazi kwamba hiyo ilikuwa propaganda ya siri. Katika visa vyote viwili kazi chafu ilipitia zabuni na kandarasi, mahali ambapo jina la serikali halionekani na swali la mwandishi halifiki. Ukifuta nafasi za kudumu za maafisa habari huku ukiacha mlango wa kandarasi wazi, kazi huhama kutoka kwa mtumishi anayebanwa na kanuni za utumishi kwenda kwa kampuni inayobanwa na mteja wake tu.

Hata hivyo, wanaowachukia wasemaji wa serikali wana hoja moja nzito sana, na si haki kuipita juu juu. Wanasema: hawa watu hawajibu maswali, wanayazuia. Zamani mwandishi alimpigia simu mtaalamu wa maji, akajibiwa na mtaalamu wa maji. Leo anaambiwa atume maswali kwa barua pepe kwa kitengo cha mawasiliano, anasubiri siku tatu, kisha anapokea aya mbili zisizojibu chochote, na mtaalamu mwenyewe ameonywa asizungumze. Mwaka 2014 Chama cha Waandishi wa Habari wa Kitaaluma cha Marekani (SPJ) pamoja na makundi mengine ya wanahabari, jumla 38, kilimwandikia Rais Barack Obama kulalamikia jambo hilo hasa: ofisi za habari zilizogeuka kuwa mageti. Na huyo ni rais aliyeingia madarakani akiahidi uwazi. Nami niliwahi kuiandikia ofisi moja ya umma nikiomba idadi ya vituo vya afya visivyo na maji, nikatumiwa picha za kiongozi akizindua mradi. Anayesema mfumo huu umeoza hazushi.

Mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, unaonyesha madhara ya uozo huo vizuri kuliko mfano mwingine ninaoujua. Aprili 2014 mji huo, wenye watu wapatao 100,000, uliacha kununua maji kutoka Detroit na kuanza kutumia maji ya mto wake. Maji hayo yalikuwa yanakula mabomba, hayakuwekwa dawa ya kuzuia hali hiyo, na madini ya risasi yakaanza kuingia katika maji ya kunywa. Wananchi walilalamika kuhusu rangi, harufu na vipele vya watoto. Julai 2015, baada ya mtaalamu wa Shirika la Mazingira la Marekani kuandika waraka wa tahadhari uliovuja, msemaji wa Idara ya Ubora wa Mazingira ya jimbo aliwaambia wananchi kupitia redio kwamba mwenye wasiwasi kuhusu risasi kwenye maji ya Flint anaweza kutulia. Septemba mwaka huo daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alipotangaza kwamba idadi ya watoto wenye risasi nyingi katika damu ilikuwa imepanda, msemaji huyo huyo alizibeza takwimu zake. Oktoba mji ulirudishwa kwenye maji ya Detroit. Desemba mkurugenzi wa idara na msemaji wake walijiuzulu.

Ukiishia hapo, Flint ni ushahidi wa kuwafukuza wote. Lakini hadithi ina upande wa pili ambao husimuliwa mara chache. Marc Edwards, profesa wa uhandisi wa Virginia Tech aliyewasaidia wakazi kupima maji yao, aliomba barua pepe za maafisa wa jimbo kwa kutumia sheria ya kupata taarifa. Barua hizo zilitolewa, na ndizo zilizoonyesha namna maafisa walivyokuwa wakijadiliana ndani huku nje wakisema mambo ni shwari. Mtu fulani serikalini, ambaye jina lake halikutajwa redioni hata mara moja, alizitafuta barua hizo, akazipitia na kuzitoa. Serikali ile ile ya jimbo, fedha za walipakodi wale wale: mmoja aliwaambia akina mama watulie, mwingine akatoa nyaraka zilizothibitisha kwamba hawakupaswa kutulia. Ukija na panga lako la kubana matumizi, ni yupi utakayemkata? Kwa mtindo unaotumika sasa utamkata wa pili kwanza. Hana rafiki katika ofisi ya gavana, hana sauti kwenye redio, na kazi yake inamkera kila bosi.

Ndiyo maana naona hoja ya mageti, pamoja na uzito wake, inaelekeza mahali tofauti na pale wanapoipeleka. Kama tatizo ni kwamba mtaalamu amekatazwa kuzungumza bila ruhusa, dawa ni kuondoa katazo. Hilo halina gharama yoyote. Ukimfukuza afisa habari na kuliacha katazo, mwandishi atakuwa hana mtaalamu wala afisa habari. Atabaki na ukurasa wa waziri kwenye mtandao wa kijamii. Na tusisahau hali ya upande wa pili wa simu. Kituo cha utafiti cha Pew kinakadiria kwamba vyumba vya habari vya Marekani vilikuwa na wafanyakazi wapatao 114,000 mwaka 2008 na wakabaki kama 85,000 mwaka 2020. Waandishi waliobaki hawana muda wa kwenda kukaa kwenye korido za wizara hadi mtu awasemeshe. Wanahitaji mtu wa kuwajibu leo kabla gazeti halijachapwa, na wanahitaji jibu la kweli.

Uingereza imepita njia hii na makovu yake yanaonekana. Nchi hiyo ilikuwa na Ofisi Kuu ya Habari, iliyoanzishwa mwaka 1946 kurithi kazi za wizara ya habari ya wakati wa vita, na maafisa habari wake walikuwa watumishi wa umma wasio na chama. Chama cha Labour kilipoingia madarakani mwaka 1997, ilitolewa amri maalumu iliyowapa wateule wawili wa kisiasa wa Waziri Mkuu Tony Blair, mmoja wao akiwa msemaji wake Alastair Campbell, mamlaka ya kuwaagiza watumishi wa umma. Mpaka kati ya anayejibu na anayepamba ukavunjwa kwa karatasi moja. Tarehe 11 Septemba 2001, wakati dunia inatazama minara ya New York ikiungua, mshauri wa kisiasa katika wizara ya uchukuzi aliandika barua pepe akisema hiyo ni siku nzuri ya kutoa habari zozote wanazotaka zizikwe. Aliyeandika hakuwa afisa habari wa kudumu. Alikuwa mteule wa kisiasa. Tume iliyoongozwa na Bob Phillis, iliyotoa ripoti yake Januari 2004, ilikuta imani ya wananchi kwa maneno ya serikali imeporomoka na ikashauri mpaka kati ya mawasiliano ya kisiasa na ya kitumishi urudishwe kwa nguvu. Gordon Brown, aliyemrithi Blair, aliifuta amri ile mwaka 2007, mara tu alipoingia madarakani.

Halafu ikaja zamu ya kubana matumizi. Serikali ya muungano iliyoingia mwaka 2010 ilisimamisha sehemu kubwa ya matangazo ya serikali, na mwaka 2012 Ofisi Kuu ya Habari ikafungwa baada ya miaka 66. Je, serikali ya Uingereza iliacha kujitangaza? Miaka michache baadaye ilikuwa imeunda chombo kingine, Huduma ya Mawasiliano ya Serikali, kufanya mengi ya yale yale. Mahitaji hayakufutika kwa kufuta ofisi. Sina chuki na ufungaji wenyewe, huenda ulikuwa na sababu zake, lakini yeyote anayetaja tukio kama hilo kuwa ushahidi wa akiba ya kudumu anapaswa kuendelea kusoma hadi miaka iliyofuata.

Miongoni mwa hoja zinazotolewa kutetea ufukuzaji, dhaifu kuliko zote ni ile ya teknolojia. Inasemwa kwamba siku hizi waziri ana simu, ana wafuasi mamilioni, anaweza kuandika mwenyewe na mwananchi akasoma papo hapo. Kuna haja gani ya mtu wa kati? Wengine wanaongeza kwamba akili mnemba itaandika taarifa kwa vyombo vya habari ndani ya sekunde chache. Hoja hii inachanganya kutangaza na kujibu. Kutangaza ni kusema ulichochagua kusema, na kweli kwa hilo waziri hahitaji mtu mwingine. Kujibu ni kulazimika kusema usichochagua. Hakuna waziri atakayefungua simu yake usiku aandike kwamba mradi wake umechelewa miaka miwili na kwamba mkandarasi ameongezewa fedha mara mbili. Jibu la namna hiyo hutoka kwa sababu kuna mtu ambaye kazi yake ni kulitafuta, kanuni inayomlinda akilitoa, na mwandishi anayejua ampigie nani. Programu ya kompyuta itaandika sentensi safi kutokana na inachopewa. Haitatembea hadi ofisi ya mhasibu kudai inachonyimwa.

Upande wa serikali nao una hoja yake dhaifu, na ni ile tunayoisikia kila msimu wa bajeti: serikali imefanya mengi mazuri ila wananchi hawajui, kwa hiyo tuongeze fedha za mawasiliano. Aliyejengewa barabara anaiona. Aliyepata dawa kituo cha afya ameipata. Kama mwananchi hajui, basi aidha jambo halijamfikia au limemfikia likiwa pungufu, na bango halitaongeza kilichopungua. Naikubali hoja ya kuongeza fedha pale tu inapohusu taarifa ambazo mtu atazitumia: namna ya kuomba mkopo wa masomo, tarehe ya chanjo, haki ya mfanyakazi aliyeachishwa, njia salama wakati wa mafuriko. Taarifa hizo zinaokoa muda, fedha na maisha, na kuzifikisha kwa kila lugha na kila kijiji ni kazi ya gharama halali kabisa.

Gharama ya kuzikosa ilionekana pale pale kwenye wizara ya afya ya Marekani, miezi michache kabla ya barua za Aprili. Tarehe 21 Januari 2025 uongozi mpya uliagiza taasisi zake zisitishe mawasiliano ya nje hadi yaidhinishwe na mteule wa Rais. Siku mbili baadaye ripoti ya kila wiki ya CDC kuhusu magonjwa na vifo, ambayo madaktari huitegemea, haikutoka, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka 60. Ilirudi tarehe 6 Februari. Watumishi walikuwapo, mishahara ililipwa, ila midomo ilifungwa. Wakati huo huo surua ilikuwa inaanza kuenea magharibi mwa Texas, mlipuko ambao hadi ulipotangazwa kwisha Agosti ulikuwa umefikia wagonjwa 762 na kuua watoto wawili. Sidai kwamba ukimya ule ndio ulioleta surua. Nadai kwamba katika mwaka kama huo mzazi mwenye swali kuhusu chanjo anahitaji taasisi inayojibu haraka, kwa ukweli, bila kusubiri kibali cha mwanasiasa. Kwa hiyo hata idadi kubwa ya maafisa habari haina maana ikiwa mtu mmoja juu anaweza kuwanyamazisha wote kwa waraka mmoja.

Kinachofuata kutokana na haya yote ni mabadiliko katika namna tunavyohesabu. Kwanza, mafungu yatenganishwe: mishahara ya wanaojibu maswali na kutoa nyaraka iwe mahali pake, tahadhari na elimu kwa umma mahali pake, hotuba na taswira ya viongozi mahali pake, na kandarasi zote za matangazo ziorodheshwe kwa jina la kampuni, kiasi na kazi iliyofanyika. Wateule wa kisiasa walipwe kutoka ofisi ya mteuzi wao, waonekane hivyo, na wasiwe na mamlaka ya kumwagiza mtumishi wa umma nini afiche. Hili si jambo la ndoto. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilipitisha sheria mwaka 2004 iliyompa Mkaguzi Mkuu jukumu la kupitia matangazo ya serikali kabla hayajatoka na kuyazuia yale yenye lengo la kukinufaisha chama tawala. Mwaka 2015 serikali ya jimbo iliipunguza makali sheria hiyo na kumwachia mkaguzi nafasi finyu ya kupima. Namna walivyokimbilia kuipunguza inaonyesha ilikuwa inauma mahali sahihi.

Pili, utendaji upimwe kwa majibu. Marekani ina Sheria ya Uhuru wa Habari tangu mwaka 1966, inayozipa ofisi siku 20 za kazi kumjibu mwombaji, na katika mwaka wa fedha 2024 maombi yalifika takriban milioni 1.5. Sheria ya Kenya ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 21, na saa 48 pale taarifa inapogusa uhai au uhuru wa mtu. Sheria ya Tanzania ya Haki ya Kupata Taarifa, nayo ya mwaka 2016, inatoa siku zisizozidi 30. Siku hizo zote ni maandishi matupu ikiwa hakuna mtumishi wa kuzitekeleza. Haki ya kupata taarifa ni miongoni mwa haki chache zinazoweza kuuawa bila kufuta kifungu hata kimoja: unaondoa watu wawili ofisini, maombi yanarundikana, na kila anayeuliza anaambiwa avute subira. Saa 48 za sheria zinakuwa miezi, na aliyezihitaji kwa ajili ya ndugu yake aliye mahabusu hana pa kwenda.

Kwa hiyo waziri anaposimama bungeni kutangaza kwamba amepunguza kitengo chake cha mawasiliano kwa nusu, mbunge asipige meza kwanza. Aulize ni maombi mangapi ya taarifa yalikuwa hayajajibiwa siku moja kabla ya punguzo, na ni mangapi leo. Aulize mwandishi husubiri siku ngapi kupata jibu, na kama daktari au mhandisi wa wizara anaruhusiwa kulitoa mwenyewe. Aulize kampuni za nje zimelipwa kiasi gani mwaka huu kulinganisha na mwaka jana, na kwa kazi gani. Akiambiwa kwamba takwimu hizo hazipo, azuie fungu lote la ofisi ya waziri, pamoja na picha, mabango na hotuba zake, hadi zitakapoletwa mezani.